Moto: Sifuri

Jumatano, 1 Januari

Nimekabidhiwa peja. Ni kijisanduku cheusi cha kuning'iniza kiunoni, kama zile walizovaa wakubwa enzi zile kabla ya simu za mkononi. Mkuu wa kikosi alinishika mkono akasema sasa mimi ni mzimamoto kamili. Nimesoma zaidi ya saa 150, jioni na Jumamosi, bila posho wala soda.

Kwa faida ya atakayeokota daftari hili: ninaishi Pennsylvania, Marekani, kwenye kata ya mashamba yenye ng'ombe wengi kuliko watu. Kata haina zimamoto wa kuajiriwa. Ina sisi, watu 23 wa kujitolea, gari kubwa moja, boza moja la maji na pikapu. Walinitaka kwa sababu nafanya kazi usiku kwenye ghala la bidhaa, hivyo mchana niko nyumbani. Mchana wengine wote wako makazini. Kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, usalama wa kata umo mikononi mwangu, mwa mzee wa miaka 71 anayeendesha gari kubwa, na mwa mwenye duka la chakula cha mifugo, kama hana wateja.

Saa tatu usiku peja ililia. Nilirukia mabuti, nikaangusha stuli na birika. Ilikuwa jaribio. Hulia kila siku saa hiyo.

Nimeamua kuandika kila moto nitakaouzima. Moto hadi leo: 0.

Jumamosi, 11 Januari

Mpita njia alipiga 911 kuripoti moshi unatoka kwenye dohani ya nyumba. King'ora cha juu ya paa la kituo kililia, watu kumi na mmoja wakaacha chakula mezani. Tulifika kwa dakika tisa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani ya nyumba.

Mwenye nyumba alieleza kwamba amewasha jiko la kuni, kwa kuwa nje kuna baridi. Mkuu aliyaandika maelezo hayo.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto. Ni kweli, ulikuwepo, ndani ya jiko, mahali pake. Sikuuhesabu.

Masizi yakishika moto ndani ya dohani, dawa yake ni vifuko vya nailoni vyenye poda. Unapanda juu ya paa kwa ngazi, unavidondosha kimoja kimoja, nailoni inayeyuka, poda inamwagikia kwenye moto. Nilikuwa nimepewa vitano. Vinne nimevirudisha garini. Cha tano kilipasukia mfukoni, nami nikakaa juu yake njia nzima.

Jumatano, 22 Januari

Nyuzi 17 chini ya sifuri. Gari limeteleza likaingia mtaroni. Dereva hakuumia, tulimkuta amesimama pembeni anapiga picha.

Kwa kuwa petroli ilikuwa inavuja, tulitandaza mpira wenye maji, tayari kwa cheche yoyote. Cheche haikutokea. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa mpira na kuuacha udondoshe kidogo kidogo, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Niliyatazama maji yanavyopotea bure. Nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo bomba likiachwa linadondosha, kesi inafika kwa babu. Nikafunga.

Baada ya dakika kumi na tano mpira wa mita 15 uligeuka mlingoti. Mpira ulioganda haukunjwi, ukiulazimisha unapasuka. Tuliubeba watu wanne mabegani, kwa hatua za pole, hadi kwenye pikapu. Magari yaliyokuwa yakipita yalipunguza mwendo. Mzee mmoja alivua kofia.

Maji yaliyomwagika kabla sijafunga yaliganda barabarani. Gari la pili liliteleza palepale. Kwenye ripoti yameandikwa matukio mawili.

Ijumaa, 31 Januari

Mama amepiga simu kutoka Tanga.

“Mwanangu, hiyo kazi ya zimamoto wanakulipa ngapi?”

“Silipwi, mama. Najitolea.”

“Na mafuta ya gari?”

“Yangu.”

Alikaa kimya. Nikasikia jogoo wa jirani yake.

“Sasa huo moto wenyewe umeuona?”

“Bado.”

“Marehemu baba yako naye alikuwa hivihivi.”

Nilimwambia nimefungiwa taa ya buluu kwenye gari langu, na hilo lilimpendeza. Sikumwambia kwamba kwa sheria ya Pennsylvania taa hiyo hainipi haki ya kumpita mtu yeyote. Ni ombi tu, ila linamulika. Jana niliiwasha nyuma ya trekta. Mwenye trekta alinipungia mkono, tukaongozana kilomita nne.

Jumapili, 9 Februari

Leo fainali ya mpira wa Marekani, ule wa kuchezwa kwa mikono. Eagles wa Philadelphia walikuwa uwanjani. Peja zililia mchezo ukiwa umenoga. Bibi mmoja amesikia kengele ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kituo kizima kiligeuka kunitazama mimi.

Tulikwenda watatu: mimi, mzee dereva akiwa na redio sikioni, na kijana anayeshabikia wapinzani wa Eagles, Kansas City, ambaye alishukuru kupata sababu ya kutoka.

Kipimo kilisoma sifuri kila chumba. Lakini mlio ulikuwepo: “ti”, kimya cha nusu dakika, “ti” tena. Maana yake betri imekwisha. Nilibadilisha betri. “Ti.” Nilibadilisha tena. “Ti.” Baada ya dakika ishirini tuliipata kengele ya pili kwenye droo ya vijiko, chini ya vitambaa. Bibi aliing'oa ukutani mwaka juzi kwa sababu ilikuwa inalia.

Eagles wameshinda 40 kwa 22. Kwenye njia panda isiyo na mtu, dereva alipiga honi mara tatu.

Jumatano, 19 Februari

Kikao cha mwezi. Ajenda ya kwanza ilikuwa pesa, na ya pili pia. Seti moja ya mavazi ya moto, yaani koti na suruali tu, inazidi dola 3,000. Yangu yalikuwa ya mtu mrefu aliyehamia jimbo jingine. Nikiinama, suruali hubaki imesimama.

Mkuu alikumbusha, kama kila mwezi, kwamba Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha kujitolea Philadelphia mwaka 1736, kwamba kila mwanachama alikuwa na ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea mali, na kwamba asiyefika kikaoni alitozwa faini. Kisha akasoma majina ya wasiofika. Hawakutozwa. Miaka ya 1970 jimbo hili lilikuwa na wazimamoto wa kujitolea wapatao 300,000. Siku hizi wanakadiriwa kuwa chini ya 40,000. Ukimtoza mtu faini leo, kesho anarudisha peja.

Imepitishwa kwamba tuuze maandazi.

Jumanne, 4 Machi

Kesho Wakristo wanaanza Kwaresima. Siku ya leo wenyeji wa huku, wenye asili ya Kijerumani, hukaanga maandazi wanayoyaita fasnacht, ili wamalize mafuta na sukari nyumbani kabla ya mfungo. Kikosi huyauza kwa dazeni. Mimi niko mfungo wa nne wa Ramadhani. Yaani wao wanakula kwa sababu kesho wanafunga, mimi sili kwa sababu nimeshaanza.

Nilipangiwa karai, tangu saa kumi alfajiri. Kufika saa tano nilikuwa nimekaanga dazeni sitini. Wateja waliniuliza kama ni matamu. Niliwajibu kwamba yana rangi nzuri.

Binti wa miaka 19, mwenzetu anayesomea uuguzi, alinisikitikia hadi akaacha kula mbele yangu. Akawa anakula nyuma yangu.

Jioni nilipeleka dazeni moja nyumbani kwa futari. Mama watoto alisoma viungo vilivyobandikwa kwenye boksi. Yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Saa saba nimesimama juu ya hilo karai. Tulifuturu kwa tende, nami nilioga mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Marekani imesogeza saa mbele kwa saa moja. Siku hii zimamoto huwahimiza watu kwamba ukigeuza saa, ubadilishe na betri za kengele za moshi. Tulipita nyumba kwa nyumba na ngazi. Nyumba ya tatu niliyoipanda kubadilisha betri haikuwa na kengele. Nilikuwa nimefungua spika.

Tuliporudi Mkuu aliniita pembeni. Alikuwa na ripoti zangu za miezi miwili. Kazini ghalani saa zao nimezizoea, lakini nikiwa na haraka mkono unarudi Tanga. Wito wa saa 14:10 mchana, mimi niliuandika 08:10, kwa kuwa ilikuwa saa nane na dakika kumi. Muda wa kurudi kituoni alijaza dereva, kwa saa zao: 15:05. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu tulikaa karibu saa saba tukishughulikia mkate ulioungua kwenye tosta. Mtu wa kaunti amepiga simu kuuliza mkate huo ulikuwa na ukubwa gani.

Nilimweleza Mkuu kwamba kwetu hesabu ya saa inaanza jua likichomoza. Yeye ana ng'ombe arobaini wa maziwa. Alifikiri, akasema hata yeye anaishi hivyo, tatizo ni fomu.

Jumamosi, 15 Machi

Mnada wa matope. Ndivyo unavyoitwa, kwa sababu hufanyika theluji ikiyeyuka na ardhi ikiwa uji. Waamishi, wale Wakristo wasiomiliki magari wala kuvuta umeme wa waya majumbani, huleta mafarishi ya viraka, vigari vya farasi, majembe na keki, na mapato huja kwa kikosi. Baadhi yao ni wanachama wetu. Hupanda magari ya moto, huingia motoni mbele ya wote, ila hawashiki usukani. Ninaelewana nao vizuri. Wenyewe kwa wenyewe huongea Kijerumani chao, kwa hiyo Kiingereza kwetu sote ni lugha ya shuleni, tunakizungumza polepole na kwa adabu.

Nilipewa koti linalong'aa na uwanja wa kuegesha magari. Kufika adhuhuri nilikuwa nimesimamia kukwamuliwa kwa magari 31. La 32 lilikuwa pikapu yetu, iliyokuja kuyakwamua hayo 31.

Ilivutwa na farasi wanne wa mwenzetu mmoja Mwamishi. Dini yake haimruhusu kuendesha gari. Hakuliendesha. Alilivuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Huu ndio msimu wa moto wa nyasi: theluji imeondoka, majani mapya hayajachipua, yaliyopo ni makavu kama karatasi. Saa mbili usiku ukaja wito. Mwanga mwekundu nyuma ya kilima, unakua.

Nilijua leo ndiyo leo. Nilivaa vizuri, kila kifungo. Tulipanda kilima na pikapu, na boza nyuma yetu. Tulipofika juu tukauona: mwezi mpevu, mkubwa, unapanda.

Kituo cha dharura cha kaunti kiliuliza kwenye redio hali ikoje. Mkuu alijibu kwamba ni mwezi. Wakamwomba arudie. “Mwezi,” alisema. Wakauliza kama tunahitaji msaada wa kata jirani.

Kwetu pwani mwezi ukionekana watu hupigiana simu usiku kucha, wengine hubishana hadi asubuhi. Lakini sijawahi kusikia aliyeita zimamoto.

Moto: 0. Mwezi: 1.

Alhamisi, 1 Mei

Mzee mmoja anaishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya barabara. Akianguka hawezi kuinuka, na gari la wagonjwa liko mbali, kwa hiyo tunaitwa sisi. Tunamshika wawili, tunahesabu hadi tatu, tunamwinua, tunamkalisha kitini, tunaondoka. Tumemwinua Jumatatu. Tumemwinua Jumanne.

Leo tulimkuta amesimama. Alikuwa amechemsha kahawa, ametoa vikombe vitatu. Dereva alimuuliza ameangukia wapi. Akasema bado.

Kwenye fomu hakuna kisanduku cha hali hiyo. Dereva aliandika “kuinua”, akabainisha kwamba haikuhitaji nguvu. Mimi nilimwagia kahawa redio ya kikosi. Inafanya kazi, ila kila mtu sasa anasikika kama anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Jumatatu, 19 Mei

Mazoezi ya pamoja ya vikosi vitatu. Somo lilikuwa maji.

Mjini unafungua bomba la zimamoto la barabarani. Huku halipo. Gari kubwa limebeba galoni 1,000, kama lita 3,785, na pampu yake inaweza kusukuma galoni 1,500 kwa dakika. Piga hesabu: ukifungulia zote, baada ya sekunde 40 umebaki na gari zuri jekundu. Ndiyo maana kuna boza. Tunatandika bwawa la turubai, boza linamwaga maji humo, gari kubwa linayanyonya, na boza linakwenda kutafuta mengine.

Mkuu alibonyeza saa. Tulitandika bwawa vizuri. Boza lilirudi nyuma vizuri. Nilivuta mkono wa kufungulia, mbele ya watu arobaini. Kilitoka kikohozi, kikafuatiwa na kutu kidogo.

Jumamosi nililiosha boza. Nililimwaga maji ili nioshe na ndani. Baadaye simu ililia, nikaenda kuwachukua watoto.

Nyumbani kuna mzaha wa zamani wa gari la zimamoto kufika bila maji. Niliucheka utoto wangu wote. Nimesafiri bahari nzima kuja kuutimiza.

Nikahamishiwa kidimbwini, kwenye mpira wa kunyonyea. Chujio lake linatakiwa likae kama sentimita 60 chini ya maji. Likiwa juu zaidi linafanya kizingia na kuvuta hewa. Langu lilikuwa juu zaidi. Pampu ilipiga kelele, bata wakaruka, mazoezi yakafungwa.

Ijumaa, 6 Juni

Idd el-Haj. Tulikwenda kuswali mjini, mwendo wa saa nzima. Tukarudi. Niliwashusha mama watoto na wanetu, nikapitia kituoni mara moja kukagua gari, maana zamu ilikuwa yangu.

Peja ililia. Moshi unatoka madirishani kwenye nyumba ya makazi. Nikasikiliza anwani. Kwanza nilifikiri tu kwamba nimewahi kuisikia mahali.

Siku ya Idd mama watoto hufukiza udi. Huu umetoka kwa mama yake, Tanga, umefungwa kwenye kopo la kahawa. Aliwasha mkaa kwenye chetezo, akapitisha chumba hadi chumba, akafungua madirisha. Jirani mwema akauona moshi mweupe.

Mama watoto alipofungua mlango, akiwa na nguo ya sikukuu, alikuta watu wanane waliovaa barakoa na mitungi ya hewa mgongoni. Wa mwisho nilikuwa mimi.

“Karibuni,” alisema.

Mkuu alipita kila chumba na kamera ya kuonyesha joto. Aligundua chanzo mezani, kina mpini na nakshi. Alikisogelea, akavua barakoa, akavuta pumzi, akakaa hivyo kidogo. Kwenye ripoti ameandika chanzo: manukato.

Pilau ilikuwa ya watu sita. Ilitosha kumi na nne, kwa namna ambayo pilau hutosha. Mzee dereva aliuliza mchuzi wa kachumbari unaitwaje, akaambiwa ndiyo hiyohiyo kachumbari. Jirani aliyepiga 911 alikuja kuomba radhi, akapewa sahani. Walikaa saa mbili na nusu. Tangu tuhamie huku, ndiyo Idd yetu ya kwanza kupata wageni.

Gari kubwa sasa linanukia udi. Nimejitolea kulisugua. Mzee dereva amesema liachwe.

Ijumaa, 27 Juni

Ninaandika Jumamosi asubuhi, nikiwa na mkono wa kushoto tu. Wa kulia haukunji vidole.

Jana saa tatu kasoro usiku mkulima mmoja Mwamishi alikimbia hadi kwenye kibanda cha simu mwisho wa shamba lake. Wiki tatu zilizopita alifunga marobota ya majani ya ng'ombe yakiwa hayajakauka sawasawa, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Majani mabichi yakibanwa hupata joto yenyewe kwa yenyewe; vijidudu vinafanya kazi ndani, joto halina pa kutokea, na baada ya wiki kadhaa yanaweza kuwaka bila kiberiti. Alikuwa amesikia harufu.

Na mimi niliisikia kabla sijashuka garini. Ilikuwa harufu ya sukari guru inayoanza kushika chungu.

Mkuu alichomeka kipimo, fimbo ndefu ya chuma. Nyuzi 79. Akasema kwa sauti yake ya kikaoni kwamba moto uko karibu sana. Tatizo ni kwamba ukiyaacha yatawaka, na ukiyafungua yakapata hewa yanaweza kuwaka mbele yako. Na hupandi juu yake ovyo, katikati panaweza kuwa pameshaungua na kubaki tundu. Unalaza ngazi, unatembea juu ya ngazi, umefungwa kamba.

Kabla ya kupanda nilikwenda nyuma ya boza, nikagonga tangi mara tatu. Lilijibu kama kitu kilichojaa. Mkuu aliniona, hakusema neno.

Nilikaa juu ya ngazi ile saa saba, nimeshika mpira, nasubiri. Hatukuwa peke yetu. Sijui nani alimwambia nani, Waamishi wengi hawana simu ndani ya nyumba, lakini kufika saa nne uwanja ulikuwa na watu sitini, wazee kwa watoto, kofia za majani na taa za mkono. Walijipanga foleni kutoka ghalani hadi shambani, robota likapita mkono kwa mkono. Yaliyotoka chini yalikuwa meusi kama kahawa, yanafuka. Kila moja lililofika nje lilichanwa, likatawanywa, likamwagiwa maji. Kila moja nilifikiri ndilo.

Mara moja niliona kitu chekundu, nikafungulia mpira wote. Ilikuwa taa ya kofia ya Mkuu. Alijifuta maji usoni kwa mkono, akaendelea kuvuta robota.

Kulipopambazuka ghala lilikuwa tupu. Mkulima alisimama katikati, akagusa nguzo moja kwa kiganja, akahamia nyingine, zote. Zilikuwa baridi. Wanawake walileta mayai, mikate na chai.

Peja yangu imepotea. Nadhani imepita kwenye foleni pamoja na marobota.

Jumapili, 29 Juni

Nilijaza ripoti. Muda, kwa saa zao. Waliojeruhiwa, hakuna. Hasara, marobota. Kwenye nafasi ya moto nikaweka sifuri, nikaitazama.

Mama alipiga simu. Nilimsimulia yote, harufu, ngazi, watu sitini.

“Na moto ulikuwa mkubwa?”

“Haukuwaka, mama.”

“Alhamdulillahi,” alisema. Kisha akauliza mkono nimeuchua na nini.

Alasiri mtoto wa yule mkulima alikuja na kibaiskeli cha kusukuma kwa mguu, peja iko kwenye kikapu imefungwa kwa leso. Alisema imelia jana saa tatu usiku, huko shambani, katikati ya majani. Wamekimbia wote na ndoo, na jirani zao wa pande mbili.

Nilimwomba radhi. Nilimweleza kwamba lile ni jaribio tu, hulia kila siku saa hiyo.

Alisema baba yake aliwaambia hivyo, ila walikuwa wameshafika.